Tangu tubomoe jiko, mtungi wa gesi wa kilo 6 unaisha siku 11. Nani anaijua siri?

BabaWatatu (#1)
Wakuu salaam. Nina jambo limenishinda, nalileta hapa.

Nyumba yetu iko Tabata, tulihamia 2009. Mwezi wa saba tukaamua kubomoa jiko: ukuta wa kati ya jiko na stoo utoke, mabomba ya chuma yaliyooza yatoke tuweke ya plastiki, sakafu ipandishwe maana kila masika maji yanatutembelea, halafu taili na makabati. Fundi alisema wiki tatu. Leo ni wiki ya tisa. Kuhama hatukuweza, hela ya kupanga ndiyo iliyonunua simenti. Tuko sita ndani: mimi, mama watoto, watoto watatu na dada wa kazi.

Wiki za mwanzo tulikula kwa mama ntilie hadi mfuko ukalia. Tukalihamishia jiko letu la pleti mbili kibarazani nyuma, juu ya meza ya mbao, mtungi pembeni. Sasa sikilizeni. Zamani mtungi wa kilo 6 ulitufikisha siku 24. Tangu tuhamie kibarazani unaisha siku 11. Minne mfululizo, nimeandika kwenye kalenda. Na vyakula tumevipunguza! Pilau mara ya mwisho tumekula kabla nyundo ya kwanza haijagonga. Siku hizi ni ugali na dagaa, wali maharage, mihogo ya kuchemsha, mayai, basi. Tunapika kidogo, gesi inaisha zaidi. Hesabu hii inakuwaje?

Mpenda_Bisi (#2)
Siti ya mbele. Ngoja wajuzi waje.
Ila wiki tatu zimekuwa tisa? Huyo fundi hajachelewa mkuu, ndiyo kwanza anapasha misuli.

Koleo_na_Kijiko (#3)
Upepo, hakuna kingine. Jikoni moto ulikuwa unasimama wima chini ya sufuria. Kibarazani unalala upande, joto linakwenda kwa jirani. Tazama jioni taa zikiwa zimezimwa utaona ule moto wa bluu unavyochezacheza. Tafuta vipande vya bati, zungushia pande tatu za jiko. Usizungushie mtungi, huo uache nje ya bati upate hewa, mpira nao usigusane na bati la moto. Na funika sufuria, mnapenda sana kupika huku mnachungulia.

MamaKiduchu (#4)
Upepo gani. Ni mafundi hao. Mwaka juzi nilikarabati choo Mbagala, saidia fundi alikuwa akisubiri nitoke kwenda kazini anasonga ugali wake saa nne, anaosha sufuria, anairudisha ilipokuwa. Nilikuja kumjua kwa sababu aliirudisha safi kuliko nilivyoiacha.

BabaWatatu (#5)
@Koleo_na_Kijiko asante, bati ninalo. @MamaKiduchu mafundi wangu wawili na msaidizi mmoja ni waungwana. Chai ya saa nne tunawapa wenyewe, tulikubaliana tangu mwanzo. Birika moja anapika dada.

MamaKiduchu (#6)
Birika moja la lita ngapi? Muulize dada, usiyaulize makubaliano.

Mizani_Sawa (#7)
Mnamhukumu saidia fundi bila ushahidi. Kwanza mtungi wenyewe ulijaa? Kwenye shingo au mwili wa mtungi kuna uzito wa mtungi mtupu. Jumlisha 6, ndiyo uzito unaotakiwa kuuona kwenye mizani siku unanunua. Dai upimiwe palepale dukani, ni haki yako, wasiopenda mizani utawajua kwa sura. Unabeba mtungi begani kilomita nzima bila kuupima, halafu unakuja kuuliza humu upepo unavumaje.

BombaMstaafu (#8)
Nimefunga majiko na mabomba miaka mingi, sasa nimekaa. Naona mnapita mbali na kitu kilicho mbele yenu. Nyumba ina vumbi la simenti na la kukata taili. Lile vumbi linaingia kwenye matundu ya pleti na kwenye kile kitundu kidogo gesi inapochanganyika na hewa. Moto unakosa hewa, unageuka njano, sufuria zinapata masizi, na wali wa dakika ishirini unakwenda arobaini. Mkuu, masufuria yako yamekuwa meusi chini?

Fungua vile vifuniko vya pleti, osha kwa maji ya moto na sabuni, zibua matundu kwa sindano, kausha kabisa ndiyo uwashe. Na ukiwa hapo tengeneza povu la sabuni paka kwenye mpira na kichwa cha mtungi. Likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti. Nimeona watu wanajaribu kwa kiberiti.

BabaWatatu (#9)
Masufuria meusi, ndiyo. Mama watoto alidhani ni dada haoshi vizuri. Kuna mtu ana deni la kuomba radhi humu ndani.

KijanaWaGoba (#10)
Njia yangu: mtungi ukikaribia kuisha ulaze chini au uutikise, unapata siku mbili zaidi. Wengine wanauweka kwenye beseni la maji ya moto.

BombaMstaafu (#11)
@KijanaWaGoba acha. Mtungi unasimama wima siku zote. Ukiulaza, gesi ya majimaji inaweza kutoka badala ya hewa yake, moto unaruka ghafla, nyusi zako zinakuwa historia. Maji ya moto ndiyo usiseme tena. Na kwa faida ya wengine: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inajilaza chini kama maji. Mwenye mtaro au shimo la msingi lililochimbwa jirani na anapopikia, asogeze mtungi mbali.

KijanaWaGoba (#12)
Sawa mzee. Nyusi bado ninazo.

Ukuta_wa_Chokaa (#13)
Nyie wa Bara mna kibaraza mnalalamika. Sisi Unguja, Mji Mkongwe, tulipika juu ya paa miezi mitatu. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unene wake ukikaa dirishani miguu haifiki nje. Kila kitu kinataka kibali kwa sababu mji uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000. Fundi wa mwanzo akataka kupiga lipu ya simenti juu ya chokaa, babangu nusura amtupe ngazini. Simenti inafungia unyevu ndani, ukuta wa chokaa unataka kupumua, baada ya masika mawili inabanduka vipande vipande.

Nalosema ni hili: kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa ni upepo wa kusi. Nyie mmebomoa mwezi wa saba, kusi limepamba moto, mmelipeleka jiko uani kulipokea. Tulipoweka jamvi la makuti upande wa kusini wa paa, mtungi ukarudi kwenye hali yake. Namuunga mkono aliyesema ni upepo.

MamaKiduchu (#14)
Makuti karibu na moto? Na mnampa BombaMstaafu presha bure.

Ukuta_wa_Chokaa (#15)
Mita mbili dada'ngu, na ndoo ya maji. Si watoto sisi.

SukumaKilaSiku (#16)
Niko Nairobi, Umoja. Sisi tulivunja jikoni 2021, tukapikia kwa sebule na meko ya burner moja, nikimaanisha ule mtungi mdogo unaokaliwa na sufuria juu yake. Tofauti kubwa niliyoiona ni sufuria moja kwa wakati. Ukiwa na moto mmoja unapika ugali, unaufunika, unapika mboga, ugali umepoa, unaurudisha. Kupasha mara mbili mbili ndiyo kunamaliza gesi. Githeri, yaani makande kwenu, tulikuwa tunachemsha Jumapili ya wiki nzima.
Na hao dagaa wenu wa ziwa ni omena, kubalini tu.

MlaKauzu (#17)
Omena ni jina la kigeni la kauzu. Endelea mkuu.

Hesabu_za_Jioni (#18)
@BabaWatatu swali moja. Umesema mabomba ya chuma yameng'olewa. Bafuni mlikuwa na hita ya maji?

BabaWatatu (#19)
Tulikuwa nayo. Fundi aliifungua wiki ya kwanza, iko chini ya kitanda cha watoto.

Hesabu_za_Jioni (#20)
Nilijua. Sasa tuhesabu. Gesi kilo moja ina nishati kama megajuli 46. Jiko la kawaida nusu ya joto inaingia kwenye sufuria, nusu inapotea, kwa hiyo mkononi una 23. Sufuria la lita 10 kutoka nyuzi 25 hadi 60 linataka karibu megajuli moja na nusu, yaani gramu 64 za gesi. Watoto watatu wanaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda shule, mwezi wa saba na wa nane hawawezi kuoga maji ya bomba. Tuseme masufuria mawili kwa siku. Gramu 128.

Zamani ulikuwa unachoma gramu 250 kwa siku (6,000 gawa kwa 24). Sasa unachoma 545. Ongezeko 295. Maji ya kuoga yamekula 128 kati ya hizo. Chai ya mafundi, birika la lita nne hadi lichemke, ni gramu 55 hivi. Zinabaki 112 ambazo hazina mwenyewe.

MamaKiduchu (#21)
Hizo 112 zina mwenyewe. Ana koleo mkononi.

Koleo_na_Kijiko (#22)
Mwenye koleo mkononi ni mimi, angalia jina langu. @Hesabu_za_Jioni umepiga hesabu vizuri ila hiyo nusu umeitoa jikoni kwenye utulivu. Kibarazani kwenye upepo weka asilimia 30 uone. Maji ya kuoga peke yake yanafika gramu 213. Tumemaliza, ni upepo.

Hesabu_za_Jioni (#23)
Hiyo 30 umeipima au umeiota?

Koleo_na_Kijiko (#24)
Wewe nusu yako uliipima?

Mpenda_Bisi (#25)
Bisi zimeisha, naongeza.

MamaWatatu (#26)
Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye mwenye jiko linalojadiliwa, nimetumiwa uzi na shoga yangu. Mwenzangu amewaeleza nusu.

Kwanza, yeye mwenyewe ndiye anachemsha maji ya kuoga, watoto wanaoga vuguvugu la kwenye chupa ya chai. Pili, hakusema kwamba maharage, kisamvu na makongoro zamani nilikuwa napikia mkaa nyuma ya nyumba. Pale nilipokuwa naweka jiko la mkaa pamemwagwa mchanga tripu moja na kokoto. Sasa maharage yanachemkia gesi. Halafu mnashangaa.

Na dada nimeshamwomba radhi kuhusu masizi.

Mpenda_Bisi (#27)
Baba Watatu njoo huku, unaitwa.

BabaWatatu (#28)
Nipo. Ninaoga kama binadamu wengine.
Suala la mkaa ni kweli, nilisahau kwa sababu sipiki.

MlaKauzu (#29)
"Nilisahau kwa sababu sipiki." Uzi ungeweza kuanzia hapo tukaokoa muda.

TabataMwenzako (#30)
Lihamishieni jiko la mkaa ndani ya korido basi, wakati wa usiku mafundi hawapo. Unaweka maharage saa nne usiku, asubuhi yameiva na nyumba ina joto.

NesiMstahimilivu (#31)
Hapana. Naomba hili lisomwe vizuri. Mkaa unaowaka kwenye nyumba iliyofungwa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kinachoanza ni kichwa kuuma na usingizi, na mtu aliyelala hajui kwamba kichwa kinamuuma. Kila msimu wa baridi tunapokea familia za namna hii, na si wote wanaofika. Na nyumba yenye ukarabati ni mbaya zaidi, maana mmeziba milango na madirisha kwa nailoni kuzuia vumbi. Mkaa ubaki nje.

TabataMwenzako (#32)
Nimeelewa nesi. Nafuta wazo.

MamaWatatu (#33)
Asante nesi. Wenye mbinu za maharage bila kukaa saa tatu kwenye gesi, nawasikiliza.

Bi_Chungu (#34)
Loweka tangu usiku, maji ya kulowekea mwaga. Chemsha kwa moto mkali dakika kumi na tano, maharage mabichi yana sumu yake, usiyaonee huruma. Kisha toa sufuria ikiwa inatokota, funika, ivishe kanga mbili na blanketi zito, iweke ndani ya kikapu au boksi, lala. Asubuhi yamebakiza dakika ishirini tu. Bibi zetu walifanya hivyo na makande. Mwenye haraka atie magadi kidogo sana. Kidogo! Magadi yanalainisha lakini yanaua vitamini na ukizidisha mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni.

Kisamvu achana nacho hadi jiko likamilike. Kinataka kutwangwa na kuchemka muda mrefu, hakina njia ya mkato. Pika mchicha, matembele, bamia. Dakika nane umemaliza.

SukumaKilaSiku (#35)
Na kama stima iko, chukua sufuria ya presha ya umeme. Maharage yaliyolowekwa dakika 25 hivi.

BabaWatatu (#36)
Umeme jikoni umekatwa, tuna soketi moja ya sebuleni, na hiyo inagombewa na mashine ya kukatia taili. Kila mara fundi akikata, LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, inakimbia kama imeona nyoka.

MlaKauzu (#37)
Swali la pembeni: mnafanyaje na vumbi kwenye chakula? Sisi tulikula wali unaosaga meno mwezi mzima.

BombaMstaafu (#38)
Taili zikatwe nje kwa mashine ya maji, si kavu. Lile vumbi ni la mchanga laini, likiingia kwenye mapafu haliondoki. Mlangoni ning'inizeni shuka lililoloweshwa, linanasa vumbi kuliko nailoni. Unga, mchele na sukari viwe kwenye ndoo zenye vifuniko, chumbani kwenu. Ndiyo, chini ya kitanda, pamoja na hita.

MtuWaMuscat (#39)
Huku Oman tulikarabati kiangazi, nje nyuzi 45, nani atapika barazani? Tulipikia bafu la wageni, vyombo tukaosha humohumo. Siku ya kumi mwanangu akauliza kwa nini samli inanukia shampuu.

FundiMwenyeHaya (#40)
Nimesoma yote nimenyamaza, ila fundi ametajwa vibaya vya kutosha. Wiki tatu zinakuwa tisa kwa sababu gani? Umepandisha sakafu, zege jipya linataka kumwagiwa maji siku saba angalau, na uimara wake tunauhesabu hadi siku 28. Ukinilazimisha nibandike taili siku ya tano zitapiga mlio wa debe tupu na utaniita tapeli. Halafu mwenye nyumba anabadilisha mawazo. Muulizeni Baba Watatu sinki imehama mara ngapi.

MamaWatatu (#41)
Mara mbili. Ya kwanza alitaka iangalie dirisha. Ya pili aligundua dirisha linaangalia choo cha jirani.

MamaKiduchu (#42)
Na ukimaliza kumwagia hilo zege maji siku saba, @FundiMwenyeHaya, mbona siku ya nane huonekani? Zege limekauka, simu yako nayo imekauka.

FundiMwenyeHaya (#43)
Siku ya nane niko kwa mteja aliyelipa.

Mizani_Sawa (#44)
Hapo kuna ukweli wa pande mbili. Turudi kwenye mtungi. Umeupima?

BabaWatatu (#45)
Mrejesho wadau. Jumamosi nilinunua mtungi mpya nikaomba mizani. Muuzaji aliitafuta muda mrefu, ikapatikana chini ya magunia. Umekosa gramu 150. Sijui ni mtungi au ni mizani yao. Jumapili nikafunga bati pande tatu, nikaosha pleti kama alivyosema mzee, nikapaka povu, hakuna kinachovuja. Moto umekuwa wa bluu safi. Maharage tunayalaza kwenye blanketi.

Leo ni siku ya 13 na bado unawaka.

Koleo_na_Kijiko (#46)
Bati! Kaa na hilo.

BombaMstaafu (#47)
Pleti zilizooshwa. Moto wa bluu amesema mwenyewe.

Bi_Chungu (#48)
Blanketi.

BabaWatatu (#49)
Ngojeni niseme yote. Jumatatu iliyofuata mafundi walienda Goba, wamepata kazi ya zege, hawajarudi mpaka leo. Na watoto shule zimefungwa, wako Morogoro kwa bibi yao. Kwa hiyo hakuna chai ya saa nne na tuko watatu nyumbani.

MamaKiduchu (#50)
Mafundi wameondoka, gesi imekaa. Sina la kuongeza.

Hesabu_za_Jioni (#51)
Umebadilisha vitu sita kwa mpigo halafu unataka jibu moja. Mtu wa vipimo analia hapa. Mafundi wakirudi, toa bati wiki moja, rudisha, kisha andika.

Ukuta_wa_Chokaa (#52)
Na kusi linakwisha mwezi huu, kumbukeni kuliandika hilo nalo.

MamaWatatu (#53)
Mtungi umezimika sasa hivi, siku ya 14, chapati nne zimeiva na sita mbichi kwenye sinia. Baba Watatu yuko bafuni na ndoo yake ya maji ya moto. Fundi amepiga simu anasema kesho.